Kibanda cha Makuti Uani kwa Bi Tatu

Asubuhi ya Kariakoo nilipokuwa mdogo ilikuwa na sauti zake, na kila mtu mtaani alizijua kwa zamu: kwanza adhana, kisha mikokoteni ya nazi ikielekea sokoni, kisha muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake. Mwaka niliokuwa darasa la nne ikaongezeka sauti ambayo mtaa haukuwahi kuwa nayo. Baba yangu alisimama uani, akajitanda shuka jeupe lenye vishada kwenye ncha zake, akapuliza pembe ndefu ya tandala. Pembe ikalia kama ng'ombe aliyekwama kwenye matope. Mama alidondosha kijiko. Wapangaji wenzetu wakachungulia milangoni, na Bi Tatu, mwenye nyumba, Mzaramo wa kuzaliwa hapohapo, akauliza kwa utaratibu kabisa kama baba ameamka salama.

Baba alikuwa fundi cherehani, Mpare wa milimani, mtu wa maneno machache. Alishonea kwenye baraza la duka la Ami Nassoro, Mwarabu wa mtaani kwetu, na hao wawili walikunywa kahawa pamoja kila asubuhi. Mwaka ule kaka yake mkubwa aliuza shamba lote la babu, akamtumia salamu kwamba huko milimani hana tena chake. Baba hakulalamika. Alianza kwenda kwenye mkutano wa maombi wa Jumamosi, na huko mwalimu wao akawafundisha kwamba wao ni Israeli waliopotea na kwamba kwao ni mbali, ng'ambo. Sasa nikiwa mtu mzima naelewa: mtu aliyenyang'anywa kwao alipewa kwingine ambako hakuna wa kumnyang'anya. Wakati ule sikuelewa chochote, nilishangaa tu.

Kila wiki ilikuja na jipya lake. Pweza na ngisi wa feri ya Magogoni walipigwa marufuku kwa kuwa hawana magamba, nami nilikuwa mtoto ambaye angeuza kaptula ya michezo kwa supu ya pweza. Jumamosi jiko halikuwashwa. Kalenda yenye bendera ya taifa ilitolewa ukutani, na mahali pake baba akatundika bendera aliyoishona mwenyewe, nyeupe, yenye nyota ya uzi wa bluu. Nilipomuuliza ya kwetu imekosa nini, alinijibu bila kuinua macho.

"Sisi si watu wa hapa, mwanangu. Tunapita tu."

Nilizaliwa chumba cha pili kutoka mlangoni, na Bi Tatu ndiye aliyenipokea. Halafu likaja la jina. Niliitwa Nakijwa, jina la mama yake baba, aliyekuwa mgonjwa kule Upare. Sasa nikawa Tirza, jina la kwenye Biblia. Tukakatazwa kula kwa majirani, na baba akasema sikukuu ijayo ikipita tutahama, twende kuishi na wenzetu wa maombi nje ya mji. Mama alinung'unika kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini akaanza kufunga vyombo. Mimi nililia chooni, kwa sababu sikumjua Tirza na sikutaka kumjua.

Sikukuu yenyewe ilikuwa ya Vibanda, ya kukumbuka Waisraeli walivyokaa kwenye mahema jangwani. Baba alinunua makuti na miti, akasimamisha kibanda uani, akatandika mikeka, akasema tutakaa humo wiki nzima. Bi Tatu alikuwa Magomeni kwa binti yake, hivyo hakuona ujenzi. Alirudi Jumamosi alasiri. Alichokikuta ni hiki: kibanda uani, mikeka chini, jiko limezimwa, mama amejitanda kanga kichwani, baba yuko kimya na shuka lake jeupe. Kwetu Kariakoo hali hiyo ina maana moja tu, na haina haja ya kuulizwa. Tena aliyefiwa haulizwi mlangoni. Unalia naye kwanza. Bi Tatu akatupa kikapu chake, akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga kilio ambacho nadhani kilifika Msimbazi.

Kabla hatujafumbua kinywa, uani pamejaa. Wanawake waliingia na vibaba vya mchele, nazi na sufuria kubwa ya mtaa, wakapanga mafiga na kuwasha moto ambao baba aliukataza. Nje wanaume walipanga mabenchi. Ami Nassoro alifunga duka, naye hakuwahi kulifunga mchana isipokuwa Ijumaa. Bi Tatu alinikumbatia, akanibana kifuani, akasema, "Somo yako ametutoka, Nakijwa." Niliamini bibi amekufa na kwamba mimi nimefichwa, na ndiyo maana wamenibadilisha jina, nisiitwe kwa jina la marehemu. Nililia hadi nikakosa pumzi.

Kilio changu ndicho kilichomwinua baba. Akasema wamekosea, hakuna aliyekufa, mama yake yu hai, hii ni sikukuu.

Kumlilia mtu aliye hai ni uchuro, na Bi Tatu alijifuta machozi kwa hasira. Akauliza ni sikukuu gani hii isiyo na chakula wala jirani. Baba akajaribu kueleza: Israeli, kwao, ng'ambo, kupita tu. Bi Tatu alisema mkataa kwao ni mtumwa, akageuka kukoroga wali wake. Ami Nassoro hakugeuka. Alisogea mpaka kwenye mlango wa kibanda.

"Fundi, mimi nimezaliwa mtaa huu, na babu yangu kazikwa Kisutu. Mpaka leo nikigombana na mtu ananiambia nirudi Uarabuni, na Uarabuni kwenyewe sijapata kufika. Wewe hakuna anayekufukuza. Unajifukuza mwenyewe?"

Mama ndiye aliyechukua sinia, akapakua wali wa nazi wa majirani, akaliweka katikati ya mkeka. Baba alilitazama. Kisha akaniita nimletee maji ya kunawa, na aliniita Nakijwa.

Hatukuhama. Baba aliendelea na Jumamosi zake, na pweza hakurudi kamwe mezani kwetu, lakini hakuna msiba wa mtaa uliompita.

Nyumba ya Bi Tatu imevunjwa, yamesimama maghorofa, nami nina duka la vitenge chini ya mojawapo. Mwaka jana jirani wa ghorofa ya juu ya duka langu alifariki, nami nikajua siku ya tatu kwa kuona viatu vingi mlangoni pake. Na yale yaliyoushangaza mtaa siku hizi hayashangazi mtu: pembe zinauzwa madukani, bajaji zina nyota ya bluu. Juzi mteja mmoja, mwalimu mgeni aliyesomea Kiswahili, aliniuliza kama mwenye bajaji iliyoegeshwa nje ni Myahudi kama yeye. Nikacheka, nikamsimulia habari ya baba. Naye alicheka, kisha akauliza tulialika wageni wangapi kibandani. Nikamwambia hatukualika mtu. Akashangaa kweli. Akasema kwao kibanda ni cha kukaribisha wageni, na anayekula peke yake humo amekosa nusu ya sikukuu.

Nilifunga duka mapema. Baba ni mzee sasa, anakaa nami Magomeni. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza yote. Aliweka kikombe chini. Ami Nassoro amelala Kisutu karibu na babu yake, Bi Tatu naye alikwisha tangulia, na hakuna wa kumpelekea habari hii.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema baba, akaanza kulia. "Wageni walikuja wenyewe, nami niliwaambia wamekosea."