Ripoti Zangu za Australia

Australia, kwa pua yangu, inanuka nywele bandia zilizochovywa katika maji ya moto. Sijawahi kufika huko, na kwa jinsi ninavyoona uvivu hata kuvuka barabara ya Umbilo, hapa Durban, kununua mkate, sidhani kama nchi hiyo imepoteza mtu wa maana. Lakini nikilisikia jina lake tu, ninarudi kwenye chumba chetu cha mwishoni mwa mwaka 2011: Mama anamsuka mteja karibu na dirisha, anachovya ncha za rasta katika beseni linalofuka mvuke, joto la Desemba limetubana kama nguo ya mtoto wa mwaka jana, na mimi, msichana wa miaka kumi na mitatu, nimejikunja nyuma ya kabati nikisoma riwaya kuhusu mwanamke anayelia peke yake katikati ya kondoo.

Vitabu vililetwa na Baba. Kule Fizi, Kongo, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Durban alivaa fulana ya njano na kulinda magari kwenye maegesho ya maduka huko Westville, akiwaonyesha kwa mikono watu wenye leseni jinsi ya kurudi nyuma. Bibi mmoja wa Kizungu, aliyezoea kuongea naye akija kununua vitu, alikuwa na binti aliyehamia Australia na kumtumia riwaya za kule kila Krismasi. Siku bibi huyo alipokuwa anahamia nyumba ya wazee, alifungua buti ya gari akampa Baba boksi zima. Mtu mwingine angeliuza. Baba aliliona kama jibu la maombi, maana miezi hiyo tulikuwa tumeambiwa kwamba tutaitwa kuhojiwa pamoja na wakimbizi wengine wanaotafutiwa nchi ya kuhamia, na fununu za kanisani zilisema nchi yenyewe ni Australia. Tangu mwaka 2008, wageni walipopigwa na kufukuzwa mitaani, Baba alikuwa na wimbo mmoja tu: tuondoke. Sasa Mungu amemletea nchi nzima ndani ya boksi, na nyumbani mwetu aliyesoma Kiingereza bila kutoka jasho ni mimi peke yangu. Nikapewa kazi: nisome, na kila jioni baada ya ugali nitoe ripoti. Hakukuwa na mtu wa kutuambia kwamba riwaya si ramani.

Niliifanya kazi hiyo kwa bidii ya mtoto asiyependa kutoka nje. Mama alikuwa amenikataza kucheza barabarani tangu zile vurugu, akidhani ananifunga. Hakujua kuwa amenipa zawadi. Vitabu vyote vilikuwa na jalada moja, au karibu na moja: mwanamke mwenye kofia, amekupa mgongo, anatazama nyasi za njano. Ripoti yangu ya kwanza ilisema huenda watu wa huko hawana nyuso. Kisha nikaendelea. Kwamba mvua haitaki kunyesha. Kwamba kutoka nyumba moja hadi nyingine unaendesha gari mpaka mtoto analala. Kwamba wanaume wanakufa sana, hasa kwa trekta, na wasiokufa wanawafuata wanawake wengine mjini. Kwamba mwanamke akifiwa anarudi kwenye shamba la baba yake, anagombana na dada yake, anafuga mbwa, na kitabu kikikaribia mwisho anatokea daktari wa mifugo mwenye mikono mikubwa, basi huzuni inakwisha. Baba alisikiliza kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Aliuliza nyoka wa huko ni wa aina gani, kanisa liko mbali kiasi gani, na kama trekta zenyewe ni mbovu au wanaume ndio hawajui kuziendesha. Mama Divine, Mrundi tuliyegawana naye fleti kwa pazia la maua, alimpazia Baba sauti kutoka upande wake, kwa Kiswahili cha kwetu.

"Papa Fiston, uliza kama wanasukaka nywele huko."

Mama ndiye aliyecheka kuliko wote. Alitaka kujua mwanamke mwenye kondoo wasiohesabika analilia nini. Yeye angepewa hata mbuzi wawili angelia akiwa amekaa kwenye kiti cha kuegemea. Kilichomshangaza zaidi ni misiba ya kule. Nilimsomea jinsi jirani anavyoleta chakula kilichookwa, anakiweka mlangoni, anasema pole na kuondoka na gari lake. "Anaondoka?" Mama aliuliza, kitana kikiwa hewani. "Bila kulala?" Kwetu waombolezaji hujaa na mikeka yao, wanalala, wanapika, wanaimba, wanakula mpaka mfiwa mwenyewe anatamani waende, na wakishaenda ndipo anaelewa walikuwa wanamkinga na nini. Lakini matanga huanzia kwenye udongo. Pasipo kaburi hakuna mkeka, na jambo hilo nyumbani kwetu halikuwa la kucheka.

Fiston alikuwa kaka yangu, mtoto wa kwanza, ndiyo maana kila mtu aliwaita wazazi wangu Papa Fiston na Mama Fiston. Tulipokuwa tunakimbia vita, kwenye njia ya kwenda mji wa Baraka, risasi zililia na watu wote wakaingia majanini. Mimi nilikuwa mgongoni kwa Mama. Fiston alikuwa ameshikwa mkono na Baba. Tulipotoka upande wa pili, Baba alikuwa na begi la nguo na mkono mtupu. Walimtafuta mpaka wakaanza kutafutwa wao, kisha tukaenda, na mwendo ule haukuisha mpaka Durban, ambako alizaliwa mdogo wangu Amani na ambako watu wa kwetu, wasiojua lolote, waliendelea kuwaita kwa jina la mtoto aliyebaki majanini. Sikuwahi kuwasikia wakilizungumza. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Hawakusema chochote kuhusu makovu mawili yanayolala kitanda kimoja.

Siku ya mahojiano ilipokaribia, fununu nyingine ilifika kutoka kanisani. Ukitaja mtoto aliyepotea, ilisema, watakuambia usubiri kwanza apatikane. Ukisema amekufa, wanaandika na kuendelea. Sijui kama ni kweli, na hata leo sijakutana na mtu anayejua. Baba aliishika kama maandiko. Alianza kuwaambia watu wamwite Papa Sifa, kwa jina langu mimi. Nilivimba kichwa kwa siku kadhaa, kama mrithi wa ufalme. Mama aliendelea kumwita Papa Fiston, kwa sauti kubwa kidogo kuliko zamani, hasa mbele za wageni.

Kisha ikaja Jumapili moja baada ya ibada. Nilikuwa nimemaliza kitabu kuhusu mama aliyefiwa na mwanawe, kijana aliyezama kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe. Kwa kurasa nyingi mama huyo hagusi chumba cha mwanawe, hasemi na mumewe, anaacha shamba lote likauke. Mwishoni anatoa nguo kabatini, anazigawa, anafungua madirisha, na usiku huo mvua inanyesha. Nilimpa Baba ripoti hiyo bila kuwaza. Akaniambia nilete kitabu, nikae mbele ya Mama, nimsomee sehemu ya kabati kwa Kiswahili, polepole. Nilisoma. Mama Divine upande wa pili alipunguza redio. Nilipofika kwenye mvua, Baba alisema kwa upole, ule upole wa mwalimu aliyekwisha kukata shauri, "Unaona, Mama? Hata bazungu, mtoto akifa, banakubali."

Mama hakumtazama. Aliniuliza mimi, "Sifa, ule mtoto walimuzika wapi?"

Nikafungua nyuma kidogo, nikamwambia: kwenye kilima, nyuma ya nyumba, kuna uzio wa mbao.

"Basi ule mama iko na bahati," alisema, akaenda kuinjika maji.

Mahojiano yalifanyika katika chumba chenye kiyoyozi, baridi kama ndani ya friji, na sisi wote tulikuwemo tukiwa na nguo za kanisani. Afisa mmoja, mama mpole, aliuliza maswali kwa Kiingereza na kijana wa Kitanzania akatafsiri. Baba alianza vizuri. Aliulizwa anajua nini kuhusu Australia, akaeleza ukame, uzio, magonjwa ya kondoo, na kwamba wanawake wa huko wanateseka sana ila ni wavumilivu. Yule mama akainua uso, akatabasamu, na mimi nikatamani kuingia chini ya meza kwa fahari na aibu. Akauliza kuhusu watoto. Baba akasema wawili walio hai, na wa kwanza alikufa vitani. Yule mama akaweka kalamu chini. Akamgeukia Mama, akampa pole, akauliza kama mtoto alipata kuzikwa, na wapi.

Mama alikuwa akitazama viganja vyake. "Muulize huyu mwenye alimuzika," alisema. "Mimi sikuzikaka mtoto. Mimi niko na batoto batatu."

Mkalimani akatafsiri. Baba akamwita Mama kwa jina lake la usichana, jina ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake, kama mtu anayemwita aliye ukingoni mwa shimo. Mama akamgeukia kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Mukono ulikuwa kwako," alisema.

Hilo mkalimani hakulitafsiri, wala hakuulizwa.

Hatukuitwa tena. Hakuna aliyetuambia sababu. Huenda ilikuwa yale maneno, huenda ilikuwa bahati tu, maana wapo waliojibu vizuri kutushinda na bado wako Umbilo hadi leo. Baba hakuhitaji sababu nyingine, alikuwa na ya kwake: kinywa cha Mama. Mama Divine ndiye aliyekwenda, yeye na wanawe, Australia ileile aliyoisikiliza bure nyuma ya pazia. Hutuma ujumbe wa sauti: anaishi ghorofani, anaogesha wazee, kondoo amemwona kwenye sahani. Na kweli hawasukaki nywele, anasema, kwa hiyo anasuka yeye, wikendi. Baba husikiliza ujumbe huo mpaka mwisho, kisha huuliza kama mvua ilinyesha.

Siku hizi mimi ni mtu mzima ninayeshona sare za shule katika fleti ileile, na ninajivunia kwamba ninaweza kumaliza wiki bila kuvaa viatu. Riwaya hizo bado ninazisoma, nikizipata kwenye maduka ya mitumba. Utotoni nilikimbilia kurasa za mwisho nimwone daktari wa mifugo. Sasa ninaacha sura moja kabla, mwanamke akiwa bado amekasirika na mvua haijanyesha, kwa sababu kufikia hapo ninawaamini waandishi, na baada ya hapo wananidanganya. Wanasema subira huvuta heri. Nimeitazama subira kwa karibu, inakaa kwenye viti viwili sebuleni kwetu, inazungumza kwa adabu kuhusu chumvi na bei ya umeme. Baba anangoja nchi, Mama anangoja mtoto. Utotoni nilitaka kujua nani kati yao ana haki. Sasa ninauliza tu watakula nini, maana wanaongoja nao hula, na mtu lazima apike.