Ukuta Alioutoboa Stambuli

Stambuli wa Jomvu Kuu aliezeka makuti miaka arubaini, na hakuna nyumba aliyoiacha bila mwanya wa upepo kati ya ukuta na paa. Siku hizi hakuna amwitaye. Watu wanataka mabati na saruji.

Mkwewe Barakat, mwuza vitambaa, alijenga nyumba ya matofali huko Mkomani mwaka wa tisini na tatu, akatia mashine ya kupoza hewa, kisha akaziba kila tundu.

"Baridi inanitoroka, baba, na umeme ni ghali."

"Na pumzi zenu zitatorokea wapi?"

"Hayo ni mambo ya makuti, baba. Yamepitwa."

Stambuli akavaa viatu, akaenda zake. Nyumba si yake.

Binti yake Suad alipojifungua, Johari, mkewe Stambuli, alikwenda kumlea arubaini, zile siku arubaini za uzazi. Alifanya kama alivyofanyiwa na mamake: akafunga mlango na dirisha, akazima mashine mzazi asipigwe na baridi, akasukuma jiko la makaa chini ya kitanda Suad aote moto. Kwa mamake, hata mlango ukifungwa, upepo ulipita juu ya ukuta. Johari hakulikumbuka hilo.

Siku ya sita, baada ya alasiri, Stambuli alikwenda kumwona mjukuu. Johari alikuwa jikoni akipika uji.

"Hodi, Suad!"

Akabisha tena. Akausukuma mlango. Suad amelala mdomo wazi, mtoto kifuani amelegea kama kitambaa kibichi.

"Johari! Mshike miguu!"

Barazani, mtoto alikohoa, akalia. Suad akatapika. "Kichwa, baba. Kinapasuka."

Jirani alipokwenda kutafuta gari, Stambuli alitwaa mtaimbo ulioachwa uani na mafundi, akaanza kuutoboa ukuta chini ya paa. Barakat, aliyeingia kwa mlango wa nyuma, akamkuta humo, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Baba! Ukuta wangu!"

"Ukuta wako ulikuwa unamzika mwanangu!"

Johari alilia. "Makaa niliweka mimi."

"Makaa tumeyaota tangu enzi za bibi zetu. Aliyeziba ni nani?"

Barakat akatoka nje. Alimwona mkewe barazani, akamkimbilia.

Hospitali iliwalaza mama na mtoto siku mbili kwa sumu ya hewa ya makaa. Walipotoka, Barakat alifungua mlango wa gari waende Mkomani. Stambuli akaufunga.

"Arubaini ataimalizia kwangu."

"Kwako kuna joto, baba. Na ile mashine?"

"Lala nayo."