Gauni Lililochelewa Kufika

Clotilde Gérardin alikuwa ametia shanga kwenye magauni ya dansi kwa miaka kumi na minne kabla ya kuona hata moja likichezwa. Ndivyo kazi ilivyokuwa. Shashi hubanwa kwenye fremu, mshonaji huinamia upande wa nyuma, na sindano yake yenye kulabu hunasa shanga moja moja huko chini asikoona. Vidole ndivyo vinavyosoma. Gauni likiisha hufungwa ndani ya karatasi laini, likaenda zake.

Alizaliwa Lorraine, kwa watu ambao mtoto wa kike hushikishwa kulabu kabla ya kalamu. Ndoa ndiyo iliyomleta Paris. Mumewe, Anselme, alikuwa fundi saa, mrefu, mtu wa masihara, na zamani kila Jumapili alikuwa akimpeleka kucheza kwenye kumbi za kando ya mto Marne, wakizunguka mpaka soli zinalia. Kisha vikaja vita. Anselme akarudi kutoka mapigano ya Verdun bila mguu wa kushoto, kuanzia chini ya goti. Masihara alirudi nayo, lakini mtu akipiga kodiani uani, alikuwa akiinuka kimya na kufunga dirisha. Clotilde akajifunza kutotaja dansi nyumbani, kama watu wanavyojifunza kutotaja jina la marehemu mbele ya mama yake.

Mwaka 1926 mji mzima ulikuwa unacheza. Sketi zilikuwa zimepanda mpaka magotini, nywele zimekatwa, jazi inalia kila kona, na kila mwanamke anataka gauni lenye shanga na tamvua. Hata baleti nayo iliambukizwa. Zile sketi nyeupe za kufumka ziliwekwa kando, wachezaji wakapanda jukwaani wamevaa kama wasichana wa ufukweni. Karakana ya Madamu Hortense, alikofanya kazi Clotilde, ikaagizwa gauni la rangi ya fedha la mchezaji mkuu wa baleti mpya. Clotilde alilihangaikia wiki saba. Lilipotolewa kwenye fremu, wenzake waliacha sindano zao kulitazama.

Siku ya pili yake likarudi.

"Eti zito," alisema Madamu Hortense, ameishika barua ya kundi la baleti kwa ncha za vidole kama ameshika mkia wa panya. "Binti hawezi kuruka. Mimi niliyewavisha wake za mabalozi. Nenda wewe, Clotilde. Labda kuna mshono unavuta. Uurekebishe, usiguse kingine."

"Shoga, mwambie huyo mkuu wa kundi lao ampe binti supu," alinong'ona Josette, aliyekaa naye fremu moja. "Gauni halina kosa."

Ukumbi wa mazoezi ulikuwa baridi, una harufu ya jasho na vumbi. Mchezaji aliitwa Varvara Sabelina, Mrusi wa miaka ishirini na moja. Mama yake alibaki ukimbizini Belgrade, anashona mashati, na yeye alikuwa hapa peke yake. Alimpokea Clotilde kwa heshima, akainua mikono. Kwapani na ndani ya mikono palikuwa pamechunika, pekundu, kama pamekwaruzwa na paka.

"Ni kosa langu hilo?" aliuliza Clotilde.

"Ni la gauni, mama. Silaumu mtu. Ni zuri, tatizo ni kwamba linachelewa. Mimi nikifika, lenyewe bado liko njiani."

"Linachelewaje?"

"Ngoja uone."

Akalivaa, mpiga piano akaanza, naye akacheza. Clotilde alikaa kwenye benchi, kikasha cha sindano mapajani. Msichana alikuwa mwepesi kuliko kiumbe yeyote aliyewahi kumwona. Lakini kila alipogeuka, gauni liligeuka baada yake, likampiga kiunoni, likamrudisha. Aliruka, likamvuta. Ilikuwa kama kumtazama mtu akicheza huku amebeba mtoto aliyelala. Na kila shanga katika mzigo ule ilitoka mkononi mwa Clotilde. Uso ulimwaka moto. Wiki saba alikuwa akifikiri anampamba.

Alitoa mkasi. Aliuweka juu ya uzi wa kwanza, vidole vikagoma.

"Unaliua?" aliuliza Varvara taratibu.

"Sijui ninalifanya nini, mwanangu. Nipe mkono wako."

Siku hiyo alifumua kwapani tu. Jioni, akimenya viazi, alijisahau. Alimweleza Anselme habari yote, na maneno yalipomwishia akashika kitambaa cha meza kiunoni na kujizungusha katikati ya jiko kumwonyesha namna gauni linavyobaki nyuma. Kisha akakumbuka. Akasimama, kitambaa mkononi.

Anselme alikuwa anamtazama kwa makini yake ya kazini, jicho moja limefinywa.

"Rudia," alisema.

"Anselme, basi."

"Rudia, nimesema. Taratibu. Shanga zimeshonewa wapi, zimelala kitambaani?"

"Zimelala. Kifua kizima na mgongo."

"Basi umemjengea ukuta, mke wangu. Nani amewahi kucheza na ukuta?" Akaivuta saa ya ukutani aliyokuwa akiitengeneza, akagusa kipande kinachobembea ndani yake. "Tazama. Uzito wote uko chini, huku juu ni waya mtupu. Mzigo ukining'inia unakwenda wenyewe. Mtundikie, usimbandikie."

Walikula viazi vimeshapoa. Alichora kwenye karatasi ya mkate, akafuta, akachora tena, akauliza msichana ana urefu gani na anageuka mara ngapi. Clotilde hakukumbuka lini walizungumza kiasi kile.

Kwa siku tatu alikaa pembeni mwa ukumbi ule, akifumua. Zaidi ya nusu ya shanga ziliishia kwenye makopo. Zilizobaki alizitunga kwenye nyuzi ndefu, nyuzi zikaanzia nyongani, shanga zikakusanyika mwishoni. Mchana aligawana na Varvara mkate na jibini. Kila akimaliza sehemu, msichana alilivaa na kugeuka, na kila mara gauni liliwahi kidogo zaidi.

Madamu Hortense alipopata habari alimwita mbele ya wote.

"Nilikutuma mshono mmoja. Umeninyoa kazi ya wiki saba."

"Ndiyo, Madamu."

"Na huna la kusema?"

"Nenda ukalione likichezwa, Madamu. Nami nilikuwa sijawahi kuona."

Madamu hakumfukuza.

Varvara alimpa tiketi mbili za onyesho la mchana la Jumamosi. Zilikaa mezani siku nne.

"Niende kuwaangalia watu wenye miguu miwili?" alisema Anselme, akiwa amempa mgongo. Clotilde aliendelea kukunja nguo. Kisha Anselme akaongeza, "Ila hesabu ni yangu. Ikiwa imekosea, wataninanga mimi."

"Hakuna anayekujua huko."

"Ninajijua mwenyewe."

Wakaenda. Walikaa juu kabisa, mahali unapotazama vichwa kuliko nyuso, na kupanda ngazi kulimchosha Anselme, lakini alikataa mkono wa mtu. Varvara alipotokea, Clotilde hakuthubutu kupumua. Msichana akageuka, nyuzi za fedha zikafunguka zikamzunguka kama maji yanayomwagwa, na aliposimama nazo zikasimama, papo hapo. Anselme alikuwa anahesabu kwa midomo tu, kiganja kimelala juu ya goti la mkewe, kidole kikigonga. Hakukiondoa mpaka mwisho. Taa zilipowashwa Clotilde aliona macho ya mumewe yamekuwa mekundu, akajishughulisha na kofia yake.

Kwenye kituo cha tramu ndipo Anselme aliposema.

"Upande wa kulia zinachelewa kidogo."

"Kidogo sana."

"Mwongezee shanga mbili kila uzi."

Kiangazi kile walirudi Marne. Mwanzo Anselme alikaa na glasi yake, Clotilde akacheza na Josette. Jumapili ya nne au ya tano, wimbo wa polepole ulipoanza, aliegemeza fimbo kwenye kiti, akamshika mkewe mabegani. Hawakuzunguka. Waliyumba tu pale pale kando ya meza, yeye akimwelemea, naye Clotilde akiubeba uzito ule bila kuuonyesha.

"Anselme, utafika lini?" mtu alimtania akipita na mwenzake.

"Pita, kijana. Sisi tumeshafika."

Varvara alikwenda Marekani na kundi jingine, akaandika mara mbili, kisha kimya. Miaka michache baadaye mitindo ikabadilika, magauni yakashuka tena mpaka vifundoni, shanga zikakosa wa kuzitaka, na karakana ikafungwa. Clotilde akapata kazi kwenye stoo ya mavazi ya ukumbi mmoja wa maonyesho, akarekebisha nguo za wachezaji mpaka macho yalipochoka. Madamu Hortense mwenyewe ndiye aliyemwandikia barua ya kumpendekeza. Ilikuwa na mistari miwili tu: kwamba mikono yake ni ya kuaminika, na kwamba anajua cha kupunguza.