Alhamisi za Bibi

Bibi yangu alivuta sigara upande wenye moto ukiwa ndani ya kinywa. Walimu na manesi waliohamishiwa kwetu Tarime kutoka mikoa mingine walishangaa. Sisi tuliona kawaida, bibi zetu wengi walivuta hivyo: mdomo umefungwa, moshi unatokea puani, na kazi mkononi inaendelea. Sigara aliisokota mwenyewe kwa kipande cha gazeti, kisha ananiita kama kwetu tunavyomwita kijana, "Mura, kaniwashie."

Nilikuwa na miaka minane hivi. Nakimbia jikoni, naigusisha kwenye kaa, navuta ishike moto, namrudishia. Njiani naiba pafu mbili. Mpaka leo nikinusa moshi wa kuni uliochanganyika na tumbaku kavu, nalegea kabisa. Utoto wangu wote uko kwenye harufu ile.

Nilikua, nikawa mwalimu mjini Mugumu, nikavuta kwa miaka ishirini na kitu. Nilijaribu kuacha mara nne, peke yangu, kwa kiburi, na mara zote nilishindwa kabla ya wiki kwisha. Daktari alipoyasikiliza mapafu yangu akakunja uso, niliogopa kweli. Mke wangu ndiye aliyesema, "Kidole kimoja hakivunji chawa. Itisha risaga."

Risaga ni kwa ajili ya shamba. Leo majirani wanakuja kulima kwako, kesho unakwenda kulima kwao. Nilicheka. Yeye hakucheka, na kufika Jumapili alikuwa ameshawagawia watu siku. Kazi yao ilikuwa kukaa nami baada ya chakula cha jioni, saa ambayo sigara iliniita kwa sauti kubwa kuliko zote.

Jumatatu alikuja jirani yangu, fundi baiskeli, na miwa na dhihaka zake. "Mwalimu, mbona unatetemeka kama umeiba kuku?" Nilitamani kumpiga na muwa wake. Alhamisi alikuja bibi, ambaye wakati huo tulikuwa tumemhamishia Mugumu, nyumba iliyo jirani na yetu. Alikuja na fimbo, karanga amezifunga kwenye pindo la kanga, na siku hiyo hakuwa amevuta tangu asubuhi. Nilimwuliza kwa nini anajitesa.

"Mtu haendi kupalilia kwa mwenzake na mbegu za magugu kwenye nguo," alinijibu, akaendelea kumenya.

Mwaka ukapita sijavuta. Ndipo pumzi za bibi zikaanza kuwa fupi, naye akaambiwa aache. Akatuita wote. "Sasa mje mlime kwangu."

Mimi nilichukua Alhamisi. Wiki ya tatu nilimkuta amekaa mlangoni, macho mekundu, karanga ziko pindoni hajazigusa. Akatoa sigara moja ya kusokota aliyokuwa ameificha kwenye kanga.

"Mura, kaniwashie. Moja tu."

Sikujua namna ya kumkatalia mtu aliyenilea. Niliichukua, nikaingia jikoni, nikachuchumaa mbele ya mafiga kama zamani. Harufu ilikuwa ile ile. Mate yalinijaa kinywani, na niliitaka, wala si kwa ajili yake. Pafu mbili tu njiani, nani angejua? Nikaitupa yote motoni, nikarudi mikono mitupu, tayari kutukanwa.

Bibi aliitazama mikono yangu.

"Zamani ulikuwa unairudisha imepungua," akasema.

"Ulijua?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Nikasema ni utundu wa mtoto, nikaendelea kukutuma. Unafikiri kwa nini nilimwomba mkeo anipe Alhamisi ulipokuwa unaacha wewe?"

Nilikaa chini karibu naye. Alifungua pindo la kanga, akanisogezea karanga, tukamenya mpaka zikaisha.