Uzi Mwekundu Kwenye Oili

Mtaani walimwita Baba Oili, na mwenyewe alilipokea jina hilo kama cheo. Tangu astaafu kazi ya kuendesha injini kwenye kiwanda cha kusaga nafaka, gari lake dogo la kijivu lilikwenda sokoni, likaenda kwa dada yake, likarudi, basi. Lakini kila mwisho wa mwezi, mvua inyeshe jua liwake, mzee alijilaza chini ya gari, akafungua nati na kumwaga oili yote kwenye karai.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na alivumilia mengi. Alivumilia vitambaa vyake kugeuzwa vya kufutia kijiti cha kupimia oili. Alivumilia kumwona mumewe dukani akinusa oili kama bwana harusi anayechagua manukato. "Hii nyepesi mno, kama maji ya kunawa. Nipe ile nzito!" Kilichomshinda ni lile karai. Siku moja aliinama akachungulia, akakuta oili iliyomwagwa bado ina rangi ya asali, kama mpya.

Akaenda kwa muuza vipuri.

"Shemeji, gari lenyewe linatembea kiasi gani?" muuza vipuri akauliza.

"Matairi yamesahau kuzunguka."

Muuza vipuri akacheka mpaka akashika kaunta. "Basi kila miezi sita inamtosha kabisa. Na aachane na hiyo nzito. Injini ile inataka nyepesi, inayopanda haraka gari likiwashwa asubuhi."

Kumweleza mumewe hayo ilikuwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa. Kwa hiyo fundi hakueleza kitu. Alinunua oili nyepesi, akaimimina kwenye dumu tupu la ile nzito, kisha akaukandamiza mfuniko kwa ncha ya pasi ya moto mpaka ukaonekana haujawahi kuguswa.

Mwisho wa mwezi akamkabidhi mzee kama zawadi ya dukani; mzee akamwaga ya zamani, akatia hiyo. Kesho yake gari likawaka mara moja, bila kukohoa. Akamwita mkewe kutoka jikoni. "Unasikia? Hiyo ndiyo oili nzito!"

"Nasikia, baba watoto," alisema mkewe, akakimbilia ndani kucheka kwenye mto.

Hapo akanogewa. Mwezi uliofuata, mzee alipomwaga oili, akamwachia mkewe karai akaitupe na kwenda kuoga, fundi aliichuja kwa kitambaa safi cha pamba, akairudisha kwenye dumu, akapitisha pasi na kumpa kama mpya. Mzee akaitia tena, akaisifu. Mwezi mwingine, vilevile. Oili ileile ilitoka na kuingia kama mgeni asiyejua kuaga, na kila ilipoingia ilipata sifa mpya.

Kisha asubuhi moja mzee akaingia chumba cha cherehani na kijiti chake mkononi. Kwenye ncha yake, katikati ya tone la oili, kilining'inia kipande cha uzi mwekundu. Mezani palikuwa na rundo la sare za shule, nyekundu vilevile.

"Mama watoto," alisema taratibu, "injini yangu imeanza kushona."

"Labda upepo."

"Upepo umefungua boneti?"

Fundi alijaribu kukaza uso, ukamshinda. Akacheka mpaka machozi, na katikati ya kicheko akasema yote: pasi, dumu, karai, hata ile nyepesi. Mumewe hakucheka. Akaketi kwenye kigoda, kijiti bado mkononi.

"Pale kiwandani," alisema, "mwenzangu wa zamu aliniapia kwamba amebadilisha oili. Nikawasha. Injini ikanoki, ikakwama mbele ya macho yangu, na foleni ya watu wenye magunia ikiniangalia mimi. Tangu siku ile sijaamini oili ya kuambiwa."

Fundi akaacha kucheka. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kulisikia hilo. "Nisamehe, mume wangu. Ningekuuliza kwanza."

Mzee akakitazama kijiti. "Na asubuhi gari lilivyokuwa likiwaka bila kukohoa, ilikuwa ni ile nyepesi?"

"Nyepesi."

"Iliyokwisha kutumika?"

"Imetumika, ikachujwa, ikatumika tena."

Alijaribu kukasirika, lakini midomo ikamsaliti.

Siku hiyohiyo walikwenda dukani pamoja. Mzee alichagua oili nyepesi mwenyewe, bila kuinusa, akaufungua mfuniko nyumbani kwa mkono wake. Wakakubaliana miezi sita. Desturi ya kukagua kijiti kila asubuhi fundi hakuthubutu kuigusa. Hiyo ilikuwa haki ya mzee.

Lakini mwisho wa mwezi ulipofika, fundi aliona miguu ya mumewe imechomoza chini ya gari.

"Baba watoto! Tulikubaliana nini?"

"Simwagi. Naangalia tu kama nati imekaza."

Fundi akasimama, mikono kiunoni. Kisha akatandika gunia, akajilaza kando yake. "Haya, nionyeshe hiyo nati."

Jirani aliyepita aliona miguu minne imechomoza, akasikia vicheko, akaona ni adabu kupita upande wa pili wa barabara.