Ndege wa Bibi Winnie

Karatasi za ukutani zikilowa, hutoa harufu ambayo sijawahi kuipata kwenye kitu kingine. Ina gundi, ina vumbi, na ina kitu kama uji uliochacha. Wiki iliyopita fundi alizibandua chumbani kwangu, harufu ikanijia, nikajikuta nimekaa kwenye ngazi hadi chai ikapoa mkononi.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama yangu, mzaliwa wa Unguja, alikuwa akitunza wazee majumbani mwao, na likizo za shule alinichukua kazini kwa Bibi Winnie, kule Tooting, London, maana hapakuwa na mtu wa kubaki nami nyumbani. Bibi Winnie alikuwa Mwingereza wa miaka themanini na kitu, mwembamba kama mwavuli uliofungwa. Alizaliwa katika nyumba ile na hakuihama maishani. Kaka yake, Harold, aliondoka akiwa kijana, akawa mchoraji mkubwa, akafa, na watu wakawa wanasimama ng'ambo ya barabara kuyapiga picha madirisha. Jambo hilo lilinitatiza. Nyumba iliitwa ya yule aliyeondoka, na huyu aliyebaki akifuta vioo hakuna aliyempiga picha.

Kiangazi kile bomba lilipasuka, na karatasi za chumba cha nyuma zikaporomoka zenyewe. Chini yake, kwenye plasta, kulikuwa na ndege waliochorwa kwa penseli, bata na kunguru na njiwa, wote wana magoti kama ya watu.

Wakaja wataalamu wawili wa majengo ya kale, bwana mwenye ndevu na mwanamke aliyevaa glavu nyeupe. Mwanamke aliwatazama wale bata akatokwa na machozi. Nikashangaa. Mwezi uliotangulia Mama alikuwa amenipa sifongo nisugue ukuta wetu mpaka mikono ikauma, kwa kosa la kuchora paka mmoja tu.

"Hii ni hazina," bwana alisema. "Harold hakuwa amefika hata miaka minane."

"Harold alichora treni," Bibi Winnie akasema kutoka kitini. "Ndege ni wangu."

Bwana akatabasamu, tabasamu lile lile alilonipa mimi pamoja na peremende. Kisha akamgeukia Mama, akamwuliza kwa sauti ya chini kama Bibi huwa anachanganyikiwa. Mama akasita. Ni kweli kwamba Bibi aliwahi kuweka buli ndani ya friji, na siku nyingine aliniita Dorothy.

"Wakati mwingine," Mama akajibu.

Njiani kurudi nilimwuliza Mama, kwa Kiingereza kama ilivyo kawaida yetu watoto wa London, ni nani basi aliyechora.

"Mwanangu, ya wenyewe waachie wenyewe," alisema. "Sisi tumekuja kazini."

Siku chache baadaye, Mama akiwa jikoni, Bibi Winnie aliniomba penseli. Akageuza bahasha, akachora bata bila kutazama popote pengine. Magoti yalikuwa yale yale.

"Umeona?"

Nikaitikia kwa kichwa. Lakini sikuelewa nilichokiona. Labda aliiga. Labda kaka yake ndiye aliyemfundisha. Labda wazee wote wa Kiingereza huchora bata hivyo.

Yule bwana alirudi na fomu. Nyumba mbili za jirani zilikuwa zimeshanunuliwa ili zibomolewe, lakini hii ingelindwa kwa ajili ya michoro ya Harold, na Bibi angekaa humo hadi mwisho wa uhai wake. Alichotakiwa ni kuweka sahihi kwamba michoro ni ya kaka yake.

"Muulizeni mtoto," Bibi alisema. "Aliniona nikichora."

Wote wakanigeukia. Nikamtazama Mama. Macho yake yalikuwa yameniganda, na sikujua yananiambia niseme au ninyamaze.

"Sijui," nikasema.

Bibi Winnie hakunikasirikia. Aliweka sahihi, akavua miwani, akaniuliza kama nimekula.

Aliishi miaka sita zaidi, akafia kitandani mwake. Sasa mlangoni pana kibao cha buluu, kile cha kumbukumbu ya watu mashuhuri, chenye jina la Harold. Kwa muda mrefu nilijifariji kwamba kutojua kwangu ndiko kulikomwachia paa. Mwaka jana ndipo nilipomwuliza Mama, ambaye amestaafu na anaishi Queensbury, macho yake yalikuwa yakisema nini siku ile.

"Nilikuwa nakuomba useme," akanijibu. "Maana mimi nilishasema 'wakati mwingine', na sikuwa na ujasiri wa kuyarudisha maneno yangu."

Tangu hapo nimelifikiria sana lile swali. Nilidhani nimeulizwa swali la wataalamu, nani alichora ndege wa ukutani, na mtoto wa miaka tisa angejuaje? Kumbe niliulizwa kitu kimoja kidogo tu, kama nilimwona Bibi Winnie akichora. Na nilikuwa nimemwona.