Chakula cha Wageni cha Wifi Latifa

Wifi yangu Latifa, mke wa kaka yangu Hamza, ni mwanamke wa maneno mengi, Mgwashi nzima inalijua hilo. Lakini akiwa ndani ya nyumba kuna neno moja hulisikii mdomoni mwake: panya. Anaamini panya wana masikio kushinda majirani. Ukitaja sumu yao wakasikia, watakutafunia kanga zote kwa hasira. Basi yeye huwaita wageni. "Wageni wamenimalizia mahindi darini," atakwambia, na uso mkavu kabisa. Mimi hucheka mpaka nikashika mbavu.

Mwaka juzi hao wageni walizidi. Akateremka Mombo, akanunua sumu ya unga kwa mchuuzi wa barabarani, imefungwa kwenye kikaratasi kisicho na jina. Akaichanganya kwenye maandazi. Jamani, maandazi! Akayaweka kwenye sahani ya maua, akayafungia kabatini. Alipokuwa akitoka kwenda shambani akamwambia Hamza, "Chakula cha wageni kipo kabatini."

Sasa, kesho yake tulikuwa tunategemea watu kutoka Muheza kuleta posa ya Nasra, binti wa Hamza na Latifa. Wakaja siku hiyo hiyo! Kaka yangu akajisifia mke: kumbe mwenzake alishajiandaa. Mimi nikachemsha chai, yeye akatoa sahani kabatini.

Latifa akaingia na kabichi zake kichwani, akamkuta Mzee Jafari, baba mkubwa wa bwana harusi, ameshika andazi. Hata shikamoo hakutoa.

"Msile! Hicho ni chakula cha wageni!"

"Kwani sisi ni nani, mama?" mzee akauliza, akalisogeza andazi mdomoni.

Wifi akatazama juu darini. Wallahi, hata pale alisita! Kisha akatupa kabichi chini, akapiga yowe: "Panya! Ni sumu ya panya!"

Andazi likaanguka. Kwa bahati hakuna aliyekuwa ameuma. Tuliwanawisha wote kwa sabuni. Niliogopa sana siku ile. Chumbani Nasra alikuwa analia, anajua ndoa imekwisha. Mzee Jafari akajifuta mikono, akasema posa iko palepale, ila chai atakunywa kavu.

Wifi alipeleka maandazi na kikaratasi chake kwa bwana shamba, akarudi amesemwa mpaka basi: sumu isiyo na jina hainunuliwi, na haitiwi kwenye chakula cha watu. Siku hizi ameziba matundu yote kwa bati na saruji, mahindi yako kwenye pipa lenye mfuniko, na mitego anaitega mwenyewe.

Nasra ameolewa, ana mtoto. Mzee Jafari huja kutusalimia, na kila akiandaliwa chakula anakunja mikono, anamtazama Latifa. Latifa anamega tonge, anakula kwanza. Hakuna anayecheka, hata mimi.